Kikohozi cha Marehemu Kisitumike Tena Kulinda Nyumba Yangu

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ulinzi ya Mtaa Wetu.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu,

YAH: NYUMBA YANGU KULINDWA KUPITA KIASI NILIPOKUWA LIKIZONI

Pokea salamu zangu. Natumaini mgongo umepoa na wale kuku wako wameacha kudonoana. Najua kati yangu na wewe kuna ukuta mmoja tu, na ningeweza kukuita dirishani kama ninavyokuita siku zote ukisahau kufunga bomba. Lakini ulitangaza mkutanoni kwamba kamati haipokei malalamiko ya dirishani. Nimetii. Nimekaa mezani, nimesogeza cherehani pembeni, na nakuandikia kama watu wasiofahamiana.

Kwanza nikukumbushe tulikotoka. Tangu mume wangu, kaka yako, alipofariki mvua za mwaka juzi, sikuwahi kulala nje ya nyumba hii. Watu wakiniuliza nilisema naogopa wezi. Binti yangu alinipigia simu kila wiki: "Mama, njoo upumzike huku kwangu, nyumba haina miguu." Nami nilimjibu kila wiki: "Nyumba haina miguu, lakini wezi wanayo." Tungeendelea hivyo mpaka mmoja wetu achoke. Ndipo wewe ukaja mlangoni kwangu, ukashika nguzo kama mtu anayeapa, ukasema: "Shemeji, nenda. Nyumba niachie mimi. Ukirudi utaikuta kama ulivyoiacha."

Naomba maneno hayo uyashike: kama ulivyoiacha. Malalamiko yangu yote yametoka hapo.

Mimi kwa upande wangu nilifanya yanayompasa msafiri. Nilitia komeo madirisha yote, hata lile la bafuni ambalo asingepita hata paka. Niliondoa cherehani karibu na dirisha. Sikutangaza safari yangu kwenye kundi la simu la mtaa, maana humo ukisema unaenda sokoni, kabla hujarudi hata mtu wa ng'ambo amejua umenunua nini. Funguo nilikukabidhi mkononi. Na viatu vya kaka yako, yale mabuti yake ya kazi, niliyaacha mlangoni palepale, vidole vikitazama barabara, ili apitaye ajue humu kuna mwanamume. Mapazia nikafunga, redio nikazima, kikombe kimoja nikakiinamisha kwenye kichanja. Hivyo ndivyo nilivyoiacha.

Sasa nieleze nilivyoikuta.

1. Kamba ya nguo. Uliwafundisha wajumbe kwamba mwizi hutazama kamba kabla ya kutazama mlango, na kamba tupu ni mwaliko. Sipingi. Lakini ukawaruhusu waje waanike kwangu, na watu wa mtaa huu ukiwapa kamba ya bure hawabakizi hata soksi. Nimekuta vibanio vyangu vyote vimeng'ata mashuka ya watu. Nimekuta suruali ambayo tungeingia mimi na binti yangu, na begi langu likapata pa kukaa. Muuza sabuni anayepita na toroli ananiuliza kwa nini nanunua kipande kimoja ilhali familia yangu ni kubwa hivyo. Nimemwambia familia imesafiri. Amenipa pole, akaniongezea kipande.

2. Redio na sofa. Ulisema nyumba inayozungumza haivunjwi, kwa hiyo redio ifunguliwe. Nakubali. Ila redio peke yake ilionekana haitoshi, ikapewa wasikilizaji, na wasikilizaji wakapewa karata. Sofa yangu ilikuwa na shimo moja, na wewe unajua ni la nani. Alikuwa akikaa palepale akivua soksi na kuniuliza nimeshona nguo ngapi. Sasa sofa ina mashimo manne. Nimekaa kwenye yote na sijui lipi ni lake.

3. Jiko. Hapa namtaja jirani yetu Mama Sufuria, yule anayekodisha vyombo vya sherehe, na namtaja kwa heshima. Kauli yake ni kwamba nyumba isiyonuka kitu haina mtu. Kwa hiyo kila siku ilipokaribia saa ya kula alifungua dirisha langu na kukaanga vitunguu. Vitunguu vikitangulia, nyanya haziko mbali. Nyanya zikifika, watu hawako mbali. Nimeambiwa walinzi waliokuwa zamu walikula humo, na wasiokuwa zamu pia, kwa ajili ya kuimarisha ulinzi. Mapazia yangu mpaka leo ukiyatikisa unasikia njaa. Harufu hiyo imemleta na paka, sijui wa nani, ambaye amekataa kuondoka na ananitazama kama mimi ndiye mgeni.

Hilo ningelisamehe. Lakini juzi mwanamke mmoja anayekaa karibu na kituo cha maji, ambaye hatujazoeana, alinisimamisha njiani. "Mama Brashi, hongera," akaniambia. "Siku hizi kwako mnacheka mpaka raha. Nikipita nachelewa makusudi." Nikamwuliza ni siku gani hizo. Akanitajia. Ndugu Mwenyekiti, ni siku zilezile ambazo sikuwepo.

4. Kikohozi. Kwenye jambo hili naomba usome taratibu.

Nafahamu kwamba sauti ya mwanamume ndani ya ua humtia mwizi baridi. Nafahamu pia kwamba mwanamume aliyekuwa na nafasi ni yule fundi wa kuchomelea mnayemwita Cheche. Sina ugomvi na Cheche. Aliponichomelea geti hakunidai hata chai, alikunywa tu niliyompa. Lakini mlimvalisha koti la kazi la mume wangu, lile lililokuwa kwenye msumari nyuma ya mlango, mkamsimamisha uani asubuhi na jioni akohoe. Wala hakukohoa kikohozi chake. Alikohoa kile cha marehemu. Mama Sufuria amenieleza kwamba mlifanya mazoezi, kwamba wewe mwenyewe ulikuwa ukimsahihisha: "Hapana, kaka alikuwa anaanzia chini zaidi. Anza kama unasukuma kabati."

Kikohozi hicho mimi nilikitibu kwa tangawizi na kukilalamikia kila baridi ilipoingia. Nilikuwa nikisema, "Mume wangu, utawaamsha majirani." Sikujua majirani walikuwa wakijifunza.

5. Mstari uliopinda. Uongo mmoja ukipewa kiti, huwaita na nduguze. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara kuu, ambaye msiba wetu haukumfikia, alipita akaona koti, akasikia kikohozi, akapaza sauti getini: "Mzee Brashi! Habari za siku nyingi?" Cheche angeweza kunyamaza. Angeweza kuingia ndani. Lakini kwa kuwa ulimwambia ulinzi usivunjike kwa namna yoyote, akajibu kwa sauti nzito: "Nzuri tu, tunazeeka." Kinyozi akafurahi. Akasema ukuta wake umechakaa, je, mzee bado anashika brashi? Na Cheche, ambaye maisha yake yote ameshika chuma, akajibu: "Nakuja Jumatatu."

Kikao cha dharura kikaketi sebuleni kwangu. Nimesikia kulikuwa na waliosema kinyozi aambiwe ukweli, lakini wewe ukasema tukimwambia mzee hayupo, kinyozi atawaambia wateja, na kichwa kinachonyolewa hakina siri. Basi Jumatatu kamati nzima ikaenda kupaka rangi. Cheche na koti, kofia usoni na kitambaa puani kama wapakaji wote. Wewe ukishika kopo. Wengine wakijifanya wapita njia.

Mwenyekiti, unamfahamu kaka yako. Alipaka zahanati, alipaka madarasa, alipaka nyumba zenu karibu zote. Pale rangi ya juu inapokutana na ya chini hakuwahi kupindisha mstari hata kwa unene wa kucha. Alikuwa akichukua uzi kwenye cherehani yangu, anaupaka chaki, mimi nashika ncha moja, yeye nyingine, anauvuta na kuuachia: tap! Ukutani unabaki mstari ambao ungeweza kupimia maji. Nilimfokea sana kwa kumaliza uzi wangu. Ninyi hamkutumia uzi. Mlitumia macho, na macho yenyewe yalikuwa yanaangalia kama kinyozi ameshtuka. Sasa nasikia kinyozi anawaambia watu: "Mzee Brashi ameanza kuchoka. Mstari umepanda mlima."

Mtu aliyeishi hapa miaka yote bila kupindisha mstari amekuja kuupindisha akiwa kaburini. Mwizi angeniibia sufuria. Ninyi mmempotezea mume wangu jina.

6. Mabuti. Hapa nitakuwa na maneno machache.

Mabuti yale yalikuwa na matone ya rangi, na kila tone nililijua. Buluu ilitoka zahanati. Kijani ilitoka getini kwako, siku uliposema utamlipa mwisho wa mwezi na yeye akasema mdogo wangu halipi, anashukuru. Ile ya maziwa ilitoka chumba tulichomwandalia binti yetu kabla hajazaliwa. Jioni nikifagia mlangoni nilikuwa nayasoma kidogo, kisha nafunga mlango. Nimerudi nimekuta mabuti meusi, yanang'aa kama ya bwana harusi. Maelezo niliyopewa ni kwamba viatu vya mtu aliye hai havikai na vumbi.

Najua ni wewe, shemeji. Hakuna mwingine duniani anayepaka kiwi mpaka kwenye soli. Na Mama Sufuria ameniambia kwamba ulipokuwa ukiyapaka ulifunga mlango, hukutaka kusaidiwa, na ulipotoka ulisema ni harufu ya kiwi imekuingia machoni. Kwa hiyo lalamiko hili la sita naliandika kwa sababu nimeshaanza kuhesabu, lakini sitaki lijibiwe.

7. Kuzuiwa getini. Nilirudi mapema kuliko nilivyosema, kwa sababu binti yangu alinipumzisha mpaka nikachoka. Jioni nikashuka na begi langu mpaka mbele ya geti. Aliyekuwa zamu ni yule mpangaji mpya wa nyumba ya kona, muuza mitumba, ambaye alihamia nikiwa sipo. Akanipima juu mpaka chini.

"Unamtafuta nani, mama?"

Nikamwambia simtafuti mtu, hapa ni kwangu.

"Wote husema hivyo," akanijibu. "Mwenye nyumba yupo ndani na mumewe. Mumewe ana kifua, hapokei wageni. Sogea, mama yangu, begi lako linaziba njia."

Nilitaka kumkasirikia. Lakini wakati huohuo nikaona taa inawaka sebuleni. Vitunguu vilikuwa jikoni. Redio ilikuwa inasema mambo yake. Na uani mtu akakohoa, akianzia chini, kama anayesukuma kabati.

Niliweka begi chini nikalikalia. Yule mpangaji akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nangojea tu. Hakuuliza nangojea nini, na namshukuru, kwa maana nisingeweza kumwambia. Nilijua ni Cheche. Nilijua tangu mwanzo. Lakini nisipogonga, sina ushahidi. Mpaka nitakapogonga, anayekohoa ni mwenye kikohozi chake.

Nilikaa hapo mpaka paka akatoka kuniangalia. Kisha Cheche mwenyewe akafungua geti ili amwage maji, akaniona, akasema, "Shikamoo, mama," kwa sauti ya marehemu, akashtuka, akasema tena, "Shikamoo," kwa sauti yake, halafu akakimbia na koti na ndoo. Wenzake wakatokea dirishani. Ndani ya muda wa kufumba na kufumbua nyumba ikawa tupu, kila mtu amepita mlango wa nyuma akiwa na sahani yake. Wakaniachia ulinzi wote mimi.

Ndugu Mwenyekiti, nimelifikiria jambo hili kwa makini, nami nimefika mahali ambapo huenda kamati haikutazamia. Umetufundisha kwamba nyumba iliyo hatarini ni ile yenye mapazia yaliyofungwa, kamba tupu, jiko baridi na kimya. Hiyo si nyumba yangu nikiwa safarini. Hiyo ni nyumba yangu nikiwemo. Nakula mkate kwa sababu mkate haunuki. Redio siifungui kwa sababu haina wa kuibishia. Nguo zangu nikizianika ni tatu, na moja ni kitambaa cha meza. Kwa kanuni zako mwenyewe, mali yangu huwa salama ninapoondoka na huingia hatarini ninaporudi. Mwizi mwenye akili hatahangaika wakati wa likizo. Atasubiri nirudi.

Na tukienda hivyo tutafika pabaya. Leo mnakohoa kwa ajili ya Mzee Brashi. Kesho kila mjane na kila mgane ataomba akoholewe. Yule mzee wa mwisho wa mtaa atataka marehemu mkewe amgombeze dirishani kuhusu matope, na kamati italazimika kumtafuta mwenye sauti kali. Keshokutwa walio hai watasafiri wote na mtaa utalindwa na waliokufa, na uchaguzi wa kamati utakapofika sijui nani atapiga kura.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na bila kinyongo, yafuatayo yatekelezwe mara moja. Funguo zangu zirudishwe. Koti lirudi kwenye msumari wake na lisivaliwe na mtu yeyote, hata likiwa linamkaa vizuri, na nimekiri linamkaa vizuri. Asiwepo mwanakamati atakayekohoa ndani ya ua wangu isipokuwa kwa maradhi yake halisi. Kinyozi aambiwe ukweli wote, na ukuta wake upakwe upya na mtu anayeijua kazi, ili jina la kaka yako linyooke. Na nyumba yangu, nikisafiri tena, iachwe tu na kufuli lake, kama nyumba za watu wengine, ipambane na hali yake.

Nakutakia kazi njema ya kutulinda. Nisalimie mkeo, mwambie lile gauni liko tayari, bado vifungo. Msalimie Mama Sufuria, na umwulize mfuniko wangu uliopotea miaka mingi aliupata wapi, maana nimeukuta jikoni. Wasalimie wajumbe wote wa karata. Msalimie yule mpangaji mpya wa kona; alifanya kazi yake vizuri kuliko ninyi nyote, na nimemshonea pindo bure. Msalimie Cheche, aache kupita upande wa pili wa barabara akiniona. Kuku nao wasalimie.

Ni mimi, mwananchi mtiifu wa mtaa na mjane wa kaka yako,

Mama Brashi

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii nilivuka barabara kuu kwenda kumwambia kinyozi ukweli mimi mwenyewe, ili kamati isipate kazi. Mstari nimeuona. Umepinda kweli, tena unapanda na kushuka kama ulikuwa unatafuta kitu. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu. Kinyozi akazima mashine, mteja akabaki nusu kichwa, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mama, mzee hajambo?"

Shemeji, ni muda mrefu mtu hajaniuliza swali hilo. Nikasikia mdomo wangu unajibu: "Hajambo. Kifua kidogo tu. Ule mstari ameuona na haujampendeza. Anakuja Jumamosi kuunyoosha."

Basi imekuwa hivyo. Mwambie Cheche Jumamosi avae koti na asichelewe. Mimi nitakuwepo kushika ncha ya pili ya uzi, na uzi nimeshautoa kwenye cherehani. Mabuti avae hayohayo, na asiogope kuyadondoshea rangi. Na kikohozi kirekebisheni kidogo: alikuwa akikohoa mara mbili, ananyamaza, halafu anasafisha koo kama anayetaka kusema jambo, na hasemi.

Ila nikiwa huko nyumba itabaki bila mtu. Funguo unazo, usizirudishe. Fungueni madirisha, anikeni mnachotaka, shimo la sofa kaeni lolote. Na Mama Sufuria akishatia vitunguu, mnikumbuke na mimi.